Fahali Katika Gereji ya Injinia

Kila mara Injinia Osundwa aliposafiri, aliacha maagizo mengi kuliko chakula. Viatu vivuliwe mlangoni. Sofa nyeupe isikaliwe. Mgeni asiingie, awe ndugu, awe pasta. Nyasi za mbele ya nyumba zisikanyagwe na mtu yeyote, "hata wewe mwenyewe, Mideva, pitia kando." Na Mideva akajibu, "Sawa, Injinia," akapitia kando, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka Agosti ile alipochoka kupitia kando.

Basi tumjue kwanza huyu Mideva, maana siku hizi kuna watu wanamsema vibaya mjini Kakamega na wengi wao hawajawahi hata kumwona. Ni mwanamke wa Isukha, mjane, mfupi, mwenye mikono ya mtu aliyefua nguo za wengine maisha yake yote na mdomo ambao haujawahi kupigwa pasi. Alitunza jumba la Injinia lililoko nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya Khayega: ghorofa mbili, ukuta mrefu wenye nyaya za umeme juu, geti kubwa jeusi la magari, na kando yake kageti kadogo ka wafanyakazi. Alilala kwenye chumba cha nyuma, pamoja na binti yake Abigail shule zikifungwa. Kazi ikienda, chumba nacho kinaenda. Hilo alilijua vizuri kuliko hao wote wanaojifanya leo kumfundisha.

Sasa njoo kwa baba yake. Mzee Shivachi wa upande wa Shinyalu alipenda mafahali wa kupigana kuliko alivyoipenda afya yake. Shida ilikuwa moja tu: mafahali wake hawakupenda kupigana. Aliwalisha, akawanoa pembe, akawaimbia kama bibi harusi, na Jumamosi asubuhi ikifika, fahali wa Shivachi anamtazama mwenzake mara moja, anageuka, huyooo, anapotelea kwenye mahindi ya watu. Na kwetu huku fahali akishinda, ngoma za isukuti zinanyamaza kidogo, mpiga mbiu anauliza kwa sauti, "Ng'ombe wa nani?" na uwanja mzima unaitikia jina la mwenye ng'ombe. Hiyo ndiyo zawadi yenyewe. Mzee Shivachi aliisubiri mpaka nywele zikamwisha kichwani, na hakuitwa. Jina lake likabaki la kutaniana. Mwanamume akimkimbia mkewe mwenye hasira, watu wanacheka, wanasema huyo naye ni ng'ombe wa Shivachi.

Akafa miaka minne kabla ya Agosti ile, wakati wa mvua kubwa. Na mnajua nini? Hata matangani palikuwa na mpumbavu mmoja aliyeurudia utani huo, jeneza likiwa pale pale, na watu wakacheka chini chini. Mideva alisikia. Akaliweka moyoni.

Kabla ya kufa, mzee alikuwa amewaita watoto wake akawaambia kwamba ndama mweusi aliyebaki zizini ni wa Mideva. Wa mwanamke! Wazee wa ukoo waliguna mpaka wakakohoa. Vikao vikakaliwa: auzwe, achinjwe, apewe Chrispinus, mdogo wake Mideva, ambaye angalau ni mwanamume. Vikao vilikuwa vingi mpaka watoto wa boma wakamwita ndama Kamati, na jina likamganda. Mideva aliwaacha wagune. Kamati akafugwa kwa Chrispinus, na kila nyasi za Injinia zilipokatwa, Mideva alizishindilia kwenye magunia, akayafunga kwenye bodaboda, akayapeleka Shinyalu. Fahali alinenepa kwa nyasi ambazo yeye alikatazwa kuzikanyaga. Alikuwa akimlisha kwa nia moja tu, na hakuificha: siku moja uwanja uitikie jina la babake.

Agosti ikafika, shule zikiwa bado hazijafungwa, Injinia na mkewe Moraa wakaenda Dubai kupumzika. Kamati naye akapangiwa kupigana Jumamosi, uwanja wa Khayega, na fahali wa kutoka Idakho aliyeitwa Transfoma. Huyo Transfoma alikuwa hajawahi kushindwa, na wenye Transfoma hawakutaka ajaribu.

Siku mbili kabla ya pigano, Chrispinus akapiga simu akihema.

"Dada, wamekata kamba tena."

"Akina nani?"

"Ningewajua si ningekuwa nimewashika? Na leo wamezika yai la uchawi mbele ya zizi. Dada, hapa hatalala salama. Nimekesha mpaka macho yanauma."

Mideva alikuwa amesimama jikoni kwa Injinia, simu sikioni, akiutazama ule ukuta. Nyaya juu. Kamera kila pembe. Na gereji ya magari mawili, tupu kabisa, gari moja likiwa limeachwa uwanja wa ndege Kisumu na jingine liko kwa fundi. Gereji ile ilikuwa kubwa kuliko nyumba aliyozaliwa.

"Mlete hapa," akasema.

"Hapo wapi?"

"Hapa kwa Injinia. Kesho jioni mnaingia, Jumamosi asubuhi mnatoka, mimi nafagia mavi. Hakuna mtu atajua."

"Dada, uko na wazimu."

"Niko nao. Mlete."

Askari wa geti, Wekesa, kijana wa kutoka Lugari, alishika kichwa aliposikia. "Mama Abi, mimi niliandikwa kuzuia wezi. Mambo ya ng'ombe sikuambiwa."

"Basi hukukatazwa."

Wekesa akalifikiria hilo, akaona ni kweli. Mideva akachukua soksi za Injinia zilizokuwa zimeanikwa, akapanda ngazi, akaivalisha kila kamera ya nje soksi yake. Akashuka akijipangusa mikono, akijiona mwerevu kweli kweli.

Kamati akaja kwa pikapu Ijumaa jioni. Alishuka bila fujo, akanusa vigae vya gereji, akapiga chafya. Wazee wawili waliomsindikiza walimwona Mideva akija na ndoo ya maji, wakanyoosha fimbo zao kumzuia.

"Msichana wetu, mwanamke hamkaribiangi fahali siku ya kuamkia pigano. Utamwondolea nguvu."

"Na alipokuwa akiharisha, mimi nikimpangusa makalio, nyinyi na hizo nguvu mlikuwa wapi? Sogeeni nipite."

Wakasogea.

Asubuhi walitoka na fahali wao kukiwa bado na ukungu. Mideva akahakikisha kila kitu kiko tayari kwa kazi ya baadaye: sepetu, magunia, sabuni ya sakafu, hata udi wa kuondoa harufu. Kisha akafunga kitambaa kichwani akafuata uwanjani, na hakukaa nyuma kule wanakosimama wanawake. Alipenya mpaka mbele, akawakanyaga waliotaka kukanyagwa.

Transfoma aliingia akitifua udongo. Kamati akamtazama. Hapo Mideva akafumba macho, maana kilichofuata alikijua tangu utotoni: kugeuka, mkia juu, mahindini. Akasikia kishindo cha vichwa viwili. Akafumbua. Kamati alikuwa hajageuka. Alikuwa ameinamisha shingo, miguu imezama kwenye tope, anasukuma. Wakasukumana mpaka watu wakasahau kupiga kelele, na ghafla aliyegeuka alikuwa ni yule wa Idakho. Huyooo! Transfoma akapita katikati ya watu, akaingia kwenye miwa, na wenyewe wakamfuata wakimtukana.

Ngoma zikanyamaza. Mpiga mbiu akauliza, "Ng'ombe wa nani?"

Kimya. Si kwamba hawakujua. Midomo yao haikuwa imezoea. Kisha mzee mmoja, mmoja wa wale wa fimbo, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Wa Shivachi."

"Wa nani?"

"Wa Shivachi!" uwanja mzima ukaitikia.

Mideva alilia hapo hapo waziwazi, kamasi na machozi, huku akicheka. Alitamani mzee wake asikie hata mara moja tu, na uchungu wa kwamba hakusikia ukachanganyika na furaha mpaka hakujua ni kipi kinachomliza.

Ndipo akasikia mtu akisema, "Haya, tumrudishe alikolala!"

Machozi yakakauka. Mama yangu! Fahali akishinda anarudishwa kwa ngoma na watu wote mpaka mahali alipolala, na wenye mahali hapo wanawalisha watu. Kila mtoto wa Isukha anajua. Mideva pia alijua, lakini kosa alilolifanya lingeweza kufanywa na mtu wa boma la Shivachi peke yake: alijiandaa kwa kila kitu isipokuwa kushinda. Kwao hakuna aliyewahi kushinda, kwa hivyo hakuna aliyewahi kufikiria kinachofuata.

"Alilala kwa Chrispinus!" akapaza sauti. Lakini Chrispinus mwenyewe alikuwa amebebwa mabegani, amelewa furaha, anapunga shati hewani akipiga kelele, "Kwa Injinia! Alilala kwa Injinia!" Mjinga yule.

Sasa msije mkaniambia hakuwa na njia. Alikuwa nayo. Angeweza kuwaangukia wazee, akawaeleza, wakamhurumia. Aliwatazama wale watu, jina la babake likiwa bado midomoni mwao, vijana wakiliimba, wanawake wakilipigia vigelegele. Akawaza, baba yangu ameingoja siku hii maisha yake yote, halafu mimi nikaizime kwa sababu ya nyasi? Akajifunga leso kiunoni, akatangulia mbele.

Wekesa alipoona barabara imejaa watu alifungua geti kubwa lote na kujibanza nyuma yake. Wakaingia. Kwanza mambo yalikuwa na mpango. "Viatu mlangoni!" Mideva akaamuru, na viatu vikavuliwa, lundo la gumbuti na ndara likapanda mpaka kwenye dirisha. Wanawake wakaingia jikoni, wakatafuta sufuria kubwa, wakakuta friji imejaa kuku. Obusuma, ugali wetu, ukaanza kusongwa, kuku, ingokho mwenyewe, akaingia kwenye mafuta, harufu ikajaa jumba lile ambalo kwa kawaida lilinuka dawa ya vioo tu. Wazee wakakalia sofa nyeupe wakiwa wamekunja soksi zao vizuri. Nje ngoma zinalia, Kamati yuko katikati ya nyasi za mbele, anakula. Zile alizokuwa akipelekewa kwa gunia, leo anajilia mwenyewe zikiwa mbichi. Mideva akasema moyoni, kula, baba, kula.

Mambo yakaharibika fahali alipoinua kichwa. Mbele ya sebule palikuwa na mlango wa kioo kutoka juu hadi chini, Mideva aliung'arisha kila siku kwa magazeti, na ndani ya kioo hicho Kamati akaona fahali mweusi, mkubwa, anamtazama. Akainamisha shingo. Yule naye akainamisha shingo. Hee! Mtu wa kumwambia kwamba ni yeye mwenyewe alikuwa nani?

Wazee wa sofa waliruka kama vijana. Kioo kilishuka chote. Ukungu wa pamba za mito ulipotua, Kamati alikuwa amesimama katikati ya sebule, juu ya zulia la Dubai la safari iliyopita, pazia limemning'inia kwenye pembe moja, akimtafuta adui yake asimwone. Alipochoka kumtafuta, akainua mkia.

Na hapo hapo gari likaingia.

Injinia Osundwa alishuka kabla halijasimama. Alikuwa amefika Nairobi siku iliyotangulia, akamwacha Moraa huko, akarukia ndege ya kwanza ya Kisumu asubuhi, na nyuma yake alishuka kijana mmoja mwenye suti, Oliver, aliyekuwa akimtengenezea mambo ya siasa, kwa sababu Injinia alikuwa ameamua uchaguzi ujao agombee kiti.

"Soksi!" Injinia alipiga kelele. "Tangu jana jioni nafungua simu nione nyumba yangu, naona soksi! Mideva! Mideva yuko wapi?"

Mideva akatoka jikoni, mikono imejaa unga.

"Karibu nyumbani, Injinia. Chakula kiko karibu."

Injinia akatazama lundo la viatu. Akatazama nyasi. Akatazama pale palipokuwa na kioo, na ndani ya sebule akakutana macho kwa macho na Kamati. Alifungua mdomo, lakini kabla hajatoa neno Oliver alimshika kiwiko, akamnong'oneza kwa muda. Mideva aliona ule uso ukibadilika. Injinia akazungusha macho, akawahesabu watu kwa kuwatazama, akaona simu zilizoinuliwa zikipiga picha. Akamwita Mideva stoo, wakafunga mlango.

"Huyu ng'ombe ameshinda?" akauliza, sauti imekuwa laini.

"Ameshinda."

"Na watu wanajua alilala kwangu."

"Wanajua."

"Sasa sikiliza, Mama Abi. Sina hasira. Kioo nitaweka kingine. Oliver atamwambia mpiga mbiu aulize tena pale barazani, watu wakichukua video. Akiuliza ng'ombe wa nani, wewe ndiwe mtunzaji, utajibu wewe. Utasema ni wa Injinia, alikupa umlee."

Mideva alidhani hakusikia vizuri. "Lakini si wako."

"Amekula nyasi yangu? Amelala kwangu? Basi kuna ubaya gani nikisema ni wangu?"

"Hata mimi nimekula kwako, Injinia. Nimelala kwako. Mimi pia ni wako?"

Injinia akakunja midomo. Ule ulaini ukaisha. "Mideva, usinijibu hivyo. Umenivunjia nyumba. Ukisema nilivyokuambia, unabaki na kazi, unabaki na chumba, tunasahau. Ukikataa, ufunguo uweke hapa mezani leo leo. Fikiria Abigail atalala wapi akifunga shule."

Na alimfikiria. Nisiwadanganye kwamba hakuogopa. Alisimama pale katikati ya makopo na magunia ya mchele akamwona mtoto wake na sanduku lake la bati mlangoni kwa Chrispinus, kitanda kimoja, watoto wengi. Alimchukia Injinia kwa kumtaja mtoto, akajichukia mwenyewe kwa kuwa kwa nukta moja alitaka kukubali. Akapangusa unga kwenye leso, akatoka.

Barazani Oliver alikuwa ameshamsimamisha Injinia mahali penye mwanga mzuri. Injinia akapunga mkono, akatabasamu, na watu wasioelewa wakapiga makofi kidogo. Ngoma zikanyamaza. Mpiga mbiu, aliyekuwa ameshaelezwa, akamtazama Mideva, akapaza sauti.

"Ng'ombe wa nani?"

Injinia akainua kidevu akingoja.

"Wa Shivachi!" Mideva akasema.

Tabasamu la Injinia likabaki usoni bila mwenyewe. Mpiga mbiu akamtazama Oliver, akamtazama Mideva. Kisha, na namsifu mpaka leo, akauliza tena kwa nguvu zaidi.

"Nimeuliza, ng'ombe wa nani?"

"Wa Shivachi wa Shinyalu! Mimi ni binti yake, na huyu fahali ni wangu, aliniachia mimi!"

"WA SHIVACHI!" watu wakapasuka, nje na ndani, mpaka wanawake wa jikoni wakagonga masufuria kwa mwiko.

Mideva akavua ufunguo uliokuwa shingoni mwake, akauweka kwenye kiganja cha Injinia, akakifunga kiganja hicho kwa vidole vyake mwenyewe kama anavyofungiwa mtoto nauli.

"Basi mtoe huyo mnyama wako!" Injinia akafoka. "Mtoe sasa hivi!"

Chrispinus alijaribu, Kamati akatikisa pembe, pazia likapepea, Chrispinus akarudi nyuma. Wazee wa fimbo walijaribu kwa maneno. Mideva akaingia sebuleni peku, akipita juu ya vioo kwa uangalifu, akamwekea fahali mkono shingoni, pale alipomzoesha tangu akiwa ndama. Akamtoa lile pazia, akalikunja vizuri, mazoea ni mazoea, akaliweka juu ya sofa.

"Twende, Kamati. Twende kwetu."

Wakatoka. Wazee wawili wakasogea wampishe, na safari hii hawakuambiwa. Wekesa alikuwa anashika kale kageti ka pembeni, kwa mazoea tu, akakaachilia, akakimbilia geti kubwa. Kati ya baraza na geti hilo kulikuwa na njia ya mawe iliyozunguka kando, ile ambayo Mideva aliipita miaka yote akibeba ndoo, nguo na chakula cha watu. Hakuitazama. Aliishika kamba ya shingoni mwa Kamati, akakanyaga nyasi kwa miguu mitupu, katikati kabisa, fahali akimfuata na ngoma nyuma yake, mpaka wakatoka barabarani.